Kulisha Watoto wa Nguruwe Baada ya Kuachishwa Ziwa Wakati wa Joto

Mazungumzo na wafugaji wa zoni ya Juru, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Wafugaji waliomba maneno haya yaandikwe kwenye karatasi hii ili aliyesikia asisahau, na asiyesikia ajisomee au asomewe na mtoto wake.

Nitaongea juu ya jambo moja tu, nalo ni majuma manne ya kwanza baada ya mtoto wa nguruwe kuacha kunyonya, hasa yanapoangukia kiangazi chetu cha mwezi wa 6 hadi wa 8. Kila mwaka miezi hiyo nasikia maneno yale yale: nguruwe wa kiangazi hawaponi. Wengine wanasema wamerogwa. Wengine wanasema aliyewauza ana mkono mbaya. Siwacheki, kwa sababu hata mimi nilisema hivyo.

Sisi tulitoka Rutshuru mwaka 2012, mimi nikiwa na miaka 12. Mwaka 2019 mama alipokea zamu yake ya likirimba. Pesa zile zilikuwa za karo ya mdogo wangu wa kike. Nikamwambia: Mama, nipe ninunue nguruwe wawili, mwakani utakuwa na karo ya watoto wawili. Alinyamaza muda mrefu, halafu akanipa. Nilinunua wawili wenye miezi miwili, wamenona kabisa, wametoka kwa mama yao asubuhi ile ile. Ilikuwa mwezi wa 7. Juma la tatu halikuisha nikawa nimezika wote wawili, na mdogo wangu akakaa nyumbani mwaka mzima. Nikieleza leo nguruwe wangu walivyokufa, nitakuwa nimeeleza karibu yote yanayowapata wenu.

Maji kwanza

Yule wa kwanza alianza kuzunguka zunguka mahali pamoja kama kipofu. Alikuwa akisukuma ukuta kwa kichwa. Halafu akaanguka, miguu ikapiga piga kama ya mtoto mwenye degedege. Majirani wakasema ni pepo. Mtaalamu wa mifugo niliyemwuliza baadaye hakuuliza habari za pepo. Aliuliza: siku zile mlikuwa na maji? Nikakumbuka kwamba bomba letu lilikuwa halitoi kwa siku mbili, na maji machache tuliyokuwa nayo tuliyaweka ya kupikia. Aliuliza tena: ulikuwa unawapa nini? Nikasema pumba, dagaa na chumvi, maana niliambiwa chumvi inaleta hamu ya kula. Akasema basi, hiyo ndiyo sababu. Nguruwe akila chumvi na maji hana, chumvi inamwingia kwenye ubongo. Hata chumvi ya kawaida, ambayo siku nyingine haimdhuru, inakuwa sumu.

Fikiri kidogo. Maziwa ya mama nguruwe ni maji kwa sehemu kubwa: katika lita 10 za maziwa, karibu lita 8 ni maji. Mtoto anayenyonya anakula na kunywa kwa mdomo mmoja na kwa wakati mmoja. Siku unapomtenga na mama yake umemwondolea chakula na kinywaji pamoja. Chakula atakitambua kwa harufu. Maji hayana harufu, na labda hajawahi kuyanywa. Wengine wanakaa siku nzima kando ya sahani ya maji bila kujua kwamba ni kitu cha kunywa. Asiyekunywa hali, na sisi tunadhani amekataa chakula, tunambadilishia chakula, naye anazidi kudhoofu.

Kwa hiyo anza mapema. Watoto wakifika majuma matatu, wangali wananyonya, weka maji mahali ambapo wao wanafika na mama yao hafiki. Weka pia chakula kidogo, kiganja kimoja tu, wakizoee kwa kuchezea. Siku ya kuwaachisha, chovya kidole kwenye maji na uwaguse midomo, mmoja mmoja. Inaonekana ni kazi ya kitoto, lakini inachukua dakika tano.

Mtoto wa miezi miwili anahitaji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na kwenye joto kali anafika lita tatu. Ukiwa nao wanne, hesabu robo tatu ya bidoni la lita 20 kila siku, pamoja na yale yanayomwagika. Mama mmoja aliniuliza mkutanoni, na hakuwa anacheka: wewe kijana, hayo maji nitayatoa wapi, nami nasimama foleni tangu alfajiri kwa ajili ya watoto niliowazaa? Swali lake ni la haki. Jibu langu ni hili: fanya hesabu ya maji kabla ya kununua nguruwe. Kama nyumba yako inapata bidoni moja la ziada kila siku, fuga wanne au watano. Kama unapata nusu, fuga wawili. Kama hupati kabisa, ngoja mvua za mwezi wa 9, uwanunue wakati huo. Nguruwe wawili wanaokunywa watakuletea pesa kuliko wanne wenye kiu. Na maji ya kusuuzia vyombo vya jikoni yasiyo na sabuni yanafaa sana, hata yana chembe za ugali. Yenye sabuni usiwape.

Juu ya chombo: sahani nyepesi wataipindua kabla hujageuka. Chukua bidoni bovu, ambalo halikuwekwa dawa ya mimea wala petroli, ulipasue kwa urefu, ulilaze, ulikaze kati ya miti minne iliyochimbiwa. Funga kijiti kupitia juu katikati wasije wakalala ndani yake. Kimo chake kisipite upana wa kiganja, maana mdogo akishindwa kufikia hatakuambia. Weka kivulini. Maji yaliyopigwa na jua mpaka yakawa ya moto hawayanywi, nawe utayaona chomboni ukafikiri wameshiba.

Na ikitokea bomba limekauka siku nzima, ondoa chumvi na dagaa mpaka maji yarudi. Yakirudi, usiwajazie chombo kwa mara moja. Wape kidogo, ngoja nusu saa, wape tena, hivyo hivyo mpaka jioni. Mwenye kiu kubwa akinywa mengi kwa ghafula anaweza kupata ile degedege niliyoeleza.

Saa za kulisha

Nguruwe wangu wa pili alikufa kwa kuharisha. Nilikuwa nafanya kazi ya kubeba matofali, natoka alfajiri narudi jioni. Nilikoroga uji wa pumba ndoo nzima asubuhi, nikamwachia ale mchana kutwa. Nilijiona mfugaji hodari, maana nguruwe wangu hakosi chakula. Kumbe ilipofika saa sita uji ulikuwa umechacha na nzi wamejaa. Mtoto aliyekuwa akinywa maziwa juma lililopita tumbo lake halijazoea unga, sembuse unga uliooza.

Nguruwe hatoki jasho kama sisi. Joto lake analitoa kwa kuhema na kwa kulala penye unyevu. Sasa, chakula chenyewe kinaposagwa tumboni kinaleta joto, na chakula cha makapi mengi kinaleta zaidi. Ndiyo maana saa za jua kali anakataa kula. Si kiburi wala ugonjwa, anajikinga. Wewe ukimlazimisha saa saba mchana, unamwongezea moto tumboni.

Basi tufuate saa zake. Juma la kwanza wape mara nne: saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijapanda, saa tatu, saa kumi na moja jioni, na saa mbili usiku kabla hujalala. Kati ya saa nne na saa kumi wape maji tu. Baada ya juma la pili unaweza kupunguza ziwe mara tatu, ukiacha ile ya saa tatu. Anayekwenda kazini ampe alfajiri, na mtoto akitoka shule awape jioni. Hakuna haja ya mtu kushinda bandani.

Kila mara, wanachoacha baada ya nusu saa kiondoe. Usikirudishe kwenye ndoo kesho. Mpe nguruwe mkubwa papo hapo kama unaye, halafu osha kihori. Kama unalisha chakula kikavu na maji yako pembeni, hatari ya kuchacha inapungua sana, na mimi siku hizi nalisha hivyo. Wazee wengi wanapenda uji, na uji si mbaya, ila ukoroge ule wa kuliwa sasa hivi tu.

Kiasi gani? Siku ya kwanza gramu 150 hadi 200 kwa kila mmoja zinatosha, zikigawanywa mara nne. Ongeza kidogo kila siku, ili siku ya kumi afike nusu kilo. Akifika miezi mitatu atakuwa karibu na kilo moja. Najua hatuna mizani nyumbani. Nenda dukani na kopo lako mara moja tu, mwenye duka akupimie, uweke alama ya msumari ndani ya kopo. Mtu akikuambia "makopo mawili", muulize kwanza kopo lake ni lipi.

Kitu cha kulisha

Mgao wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi mwaka 2023, wengi wetu tulipunguziwa na wengine waliondolewa kabisa. Kwa hiyo sitamwambia mtu ampe nguruwe unga ambao watoto wake wangekula. Nguruwe ale kile ambacho sisi hatuli. Lakini yule mdogo aliyeachishwa ziwa hawezi kuishi kwa pumba na majani peke yake, kama anavyoweza mama yake. Tumbo lake ni dogo. Anahitaji chakula kichache chenye nguvu, na cha kujenga mwili ndani yake.

Mchanganyiko ninaoutumia ni huu, kwa kilo 10: pumba safi za mahindi kilo 6, mahindi yaliyovunjika au chenga kilo 1, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 2, dagaa waliosagwa kilo 1. Juu yake gramu 100 za mifupa iliyochomwa ikasagwa, na chumvi vijiko vidogo sita vya sawasawa. Dagaa wakiwa wamekaushwa kwa chumvi, chumvi nyingine usiweke. Hukupata dagaa? Ongeza soya nusu kilo au mashudu ya alizeti kilo moja, haitakuwa sawa lakini watakua. Mashudu ya pamba usiwape watoto, yana sumu kwao.

Soya na maharage mabichi yasipopita motoni yanazuia chakula kusagika tumboni, na mtoto ataharisha. Kaanga soya mpaka ibadilike rangi na inukie vizuri. Muhogo mchungu ule tunaoujua, ukauke kabisa juani au upikwe na maji yake yamwagwe. Mahindi na pumba zenye ukungu zitupe mbali. Nasema zitupe, usimwambie jirani "hizi nimpe kuku wako".

Tena fungua macho sokoni. Kuna pumba zinazochanganywa na magunzi yaliyosagwa. Zisugue kiganjani: pumba nzuri zinaacha unga mweupe, za magunzi zinachoma kama vumbi la mbao. Dagaa wa unga huchanganywa na mchanga. Tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, ukoroge, uache. Mchanga utakaa chini na utauona. Nimeona glasi ambayo robo yake ilikuwa mchanga, na muuzaji akaniambia ni madini. Pengine hakusema uongo.

Majani ya viazi vitamu na lengalenga ni mazuri, ila kwa hawa wadogo wape kidogo, jioni, yakiwa yamenyauka nusu siku. Hapo joto la jua limekwisha na hayatawachosha.

Usiku usiwasahau. Tunaongea joto, lakini mtoto wa nguruwe anaona baridi kuliko wewe, na kiangazi cha Nakivale mchana ni moto na usiku ni baridi. Akilala akitetemeka, chakula ulichompa kinaishia kumpasha mwili badala ya kumkuza. Mpe majani makavu mengi kwenye kona isiyo na upepo. Mchana mpe kivuli. Turubai peke yake, ile tunayoiita bashi, si kivuli, chini yake panachemka. Weka nyasi juu yake unene wa mkono, na pande za banda ziache wazi upepo upite. Ukimkuta mmoja amelala peke yake, anahema mdomo wazi, mpeleke kivulini, mlowanishe miguu na tumbo kwa kitambaa, mwagia ardhi anapolala. Usimmwagie ndoo ya maji baridi kwa ghafula.

Siku ya kuachisha yenyewe, kwenye majuma saba au nane, fanya jioni. Mwondoe mama, watoto wabaki kwenye banda walilolizoea. Usichanganye watoto wa mama wawili siku hiyo, watapigana mpaka wachemke. Kuhasi kufanyike kabla au baadaye, si juma hilo. Chakula kisibadilike pia: kile walichokuwa wakionja kabla ndicho waendelee nacho kwa siku kumi. Unayenunua, muulize muuzaji alikuwa akiwapa nini, na umwombe au ununue kilo mbili tatu za chakula hicho. Mimi sikuuliza.

Mtoto akiharisha, usimnyime maji kwa kufikiri yanaongeza kuharisha. Mnyime chakula kwa nusu siku, umpe yale maji ambayo kila mama hapa ameshafundishwa kwa ajili ya mtoto wake: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Halafu mrudishie chakula robo, kesho nusu. Ukiona damu, au siku ya pili bado anaharisha, muite mtu wa mifugo.

Jambo la mwisho ni la mabaki ya chakula kutoka hotelini na kwenye harusi. Najua ni msaada mkubwa kwa wengi. Lakini homa ya nguruwe ya Afrika inaingia kwa njia hiyo, kwa kipande kidogo cha nyama au mfupa wa nguruwe mgonjwa aliyechinjwa haraka haraka kabla hajafa. Ugonjwa huo hauna dawa, na sisi hapa hatuna chanjo yake. Unamaliza banda zima, wakubwa kwa wadogo. Haumwambukizi mtu, lakini unamfilisi. Mabaki yachemshwe mpaka yatokote nusu saa nzima, yapoe, ndipo wale. Kama huna kuni za kuchemsha nusu saa, usiyachukue. Na kwa wale wadogo, majuma haya manne, usiwape kabisa hata yakichemshwa, kwa kuwa mafuta na chumvi ya mchuzi wa harusi ni mingi mno kwao.

Kihori kioshewe nyumbani, si kwenye bomba. Tunaishi hapa na watu wa mataifa mengi, na kuna jirani zetu ambao dini yao haiwaruhusu nguruwe. Kugombana nao kwenye foleni ya maji kumeshatokea, na wafugaji ndio tuliokuwa na kosa. Banda liwe na mlango unaofungwa.

Mwaka 2021 nilinunua tena wawili, kwa pesa za matofali, siyo za mama. Nilingoja mwezi wa 10 mvua ziwe zimeshika. Niliwauza mwaka uliofuata, na mdogo wangu alirudi darasani. Tangu hapo nimeachisha watoto wa nguruwe hata mwezi wa 7 katikati, na sijazika mwingine kwa kiu.

Kila Alhamisi saa tisa alasiri nakaa chini ya mti nyuma ya stoo ya zoni. Mwenye swali aje, aje na kopo lake tulipime na kijiko cha dagaa tukijaribu kwenye glasi. Nguruwe mgonjwa asiletwe. Niambie nyumba yako iko wapi, nitakuja mwenyewe, na viatu nitavivua mlangoni.